Kutoka jua hadi gorogoro ya omena: safari ya kawi katika Ziwa Victoria

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama kwenye kilima chochote kilicho juu ya Mbita au Sindo huona kama kwamba mji mwingine umewashwa majini. Hizo ni taa za wavuvi wa omena. Zamani zilikuwa za karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Kukipambazuka, mashua hurudi na omena hutandazwa juani, na kufikia jioni kina mama huwa wanawapima kwa gorogoro. Kwenye ufuo huohuo, mizani ya mbuta huwa na samaki wa kuhesabika.

Watoto wa Homa Bay wameliona jambo hili tangu walipoanza kutembea, na wengi huuliza swali ambalo wazazi hushindwa kulijibu. Ziwa ni moja, maji ni yaleyale. Kwa nini litoe omena kwa magunia na mbuta mmoja mmoja? Wanafunzi wa sekondari msingi hufundishwa mada hii katika somo la sayansi, mara nyingi kwa mfano wa nyasi, swara na simba. Kwa wakazi wa kaunti hii mfano ulio karibu zaidi uko ziwani, na una uhusiano wa moja kwa moja na bei ya kitoweo.

Chakula cha kwanza ni mwanga

Kawi, ambayo vitabu vingine huiita nishati, ni uwezo wa kufanya kazi. Samaki huihitaji ili apige mkia, apumue, akue na kutaga mayai. Hakuna kiumbe anayeiumba mwenyewe. Kila mmoja huipata kutoka mahali fulani, na katika Ziwa Victoria karibu yote huanzia kwenye jua.

Wanaoweza kuunasa mwanga wa jua ni mimea na mwani. Mwani wa ziwani ni chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja, lakini zikiwa kwa mamilioni ndizo huyapa maji ya Ghuba ya Winam ule ukijani. Chembe hizo hutumia mwanga kuunganisha maji na hewa ya kaboni dioksidi, zikatengeneza sukari. Kazi hiyo ndiyo wanafunzi huijua kwa jina la usanisinuru. Hunasa kidogo tu: mwanga mwingi hurudishwa na uso wa maji au hugeuka joto, na sehemu inayobaki kama chakula mara nyingi haifiki hata mbili kati ya mia. Kidogo hicho ndicho hulisha vyote vinavyoogelea, vinavyotambaa na vinavyoruka kuzunguka ziwa, pamoja na watu.

Mwani huliwa na vidudu vidogo vinavyoelea majini, vingine vidogo kuliko punje ya wimbi. Omena huwafuata vidudu hao, na hii ndiyo sababu mvuvi huwasha taa usiku: mwanga huvuta wadudu na samaki karibu na mashua. Mbuta humla omena. Mnandi na mdiria pia humla omena, naye kwazi, ndege yule mwenye kichwa cheupe anayelia juu ya miti ya ufuoni, huchukua samaki wakubwa kidogo. Mwishoni kuna binadamu, anayekula karibu kila ngazi.

Mpangilio huu huitwa msururu wa chakula. Ukweli ni kwamba ziwa halina msururu mmoja. Kuna ochonga, yule kamba mdogo anayeuzwa na wauza vyakula vya mifugo, ambaye huokota mabaki kwenye tope na kuliwa na mbuta wachanga. Kuna kamongo na mumi wanaotafuta riziki chini kabisa. Kuna ngege anayekula mwani, mabaki na wadudu bila kupitia kwa samaki mwingine. Misururu hii hukatana na kuungana kama nyavu, ndiyo maana wataalamu husema mtandao wa chakula.

Halafu kuna sam. Kila mkazi wa ufuoni anawajua nzi hao wa ziwani, hasa wakati wa mwezi mwandamo, wanapoinuka kwa wingi kama moshi na kujaa kwenye taa, kwenye chai na kwenye nywele. Maisha yao mengi huishi wakiwa funza majini, wengine kwenye tope na wengine wakipanda na kushuka kwenye maji. Wanapoota mbawa na kuja nchi kavu, hubeba kawi ya ziwa hadi kwa mbayuwayu, buibui, mijusi na kuku wa boma. Kwa hiyo kuku anayedonoa sam chini ya taa ya mlango wakati wa magharibi anakula jua lililoingia ziwani, hata kama hajawahi kulowesha unyayo.

Hesabu ya gorogoro

Jambo linaloamua wingi wa samaki ni hasara iliyopo kati ya ngazi moja na nyingine. Omena akila vidudu, si chakula chote kinachogeuka mwili wa omena. Kingine hutoka kama kinyesi. Sehemu kubwa zaidi huchomwa mwilini ili aogelee, apumue, amkimbie mbuta na kurudia siku ya pili, na kawi hiyo hupotea majini kama joto. Mbuta anayemla omena hapati alichokula omena maishani mwake mwote. Anapata kile tu kilichobaki mwilini siku aliyomezwa.

Kwa makadirio yanayotumiwa sana, sehemu inayovuka kutoka ngazi moja hadi nyingine ni kama moja kwa kumi. Kiwango hicho hubadilika, mara nyingi kikiwa kati ya sehemu 5 na 20 kwa mia kulingana na kiumbe na mahali, lakini kumi kwa mia hurahisisha hesabu.

Chukua mwani unaojaza gorogoro 10,000. Vidudu watakaotokana nao ni gorogoro 1,000. Omena watakaotokana na vidudu hao ni gorogoro 100. Mbuta watakaokula omena hao wote watakuwa na uzito wa gorogoro 10. Na ikiwa mbuta hao watakuwa wadogo, kisha waliwe na mbuta mkubwa kama ilivyo desturi yao, itabaki gorogoro moja.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mtoto. Ziwa haliwezi kuwa na mbuta wengi kama omena, hata kama hakuna mvuvi hata mmoja. Chakula cha kuwatosha hakipo. Ni sababu hiyohiyo inayofanya kwazi waonekane wawili wawili, kila jozi na eneo lake la ufuo, ilhali mbayuwayu huja kwa makundi.

Aliyeanzisha hesabu za namna hii ni kijana wa Kimarekani, Raymond Lindeman, aliyefanya utafiti kwenye ziwa dogo liitwalo Cedar Bog Lake, jimbo la Minnesota. Alijaribu kulitazama ziwa zima kama daftari moja la mapato na matumizi ya kawi. Makala yake ilikataliwa kwanza na waliotakiwa kuikagua, kisha ikachapishwa mwaka 1942. Lindeman hakuiona ikichapishwa, kwa kuwa alifariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 26.

Mbolea huzunguka, kawi hupita

Kuna mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi, hata madarasani. Samaki akifa na kuoza, madini yaliyokuwa mwilini mwake, kama vile naitrojeni na fosforasi, hurudi majini na kutumiwa tena na mwani. Fosforasi moja inaweza kuzunguka kutoka mwani hadi samaki hadi tope na kurudi mara nyingi. Kawi haifanyi hivyo. Ikishageuka joto, imekwenda, na hakuna kiumbe anayeweza kuirudisha kuwa chakula. Ndiyo maana jua lazima lichomoze kila siku.

Tofauti hii inasaidia kuelewa kwa nini mbolea nyingi ziwani si baraka. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka mashambani na mijini huingiza madini mengi kupita kiasi. Mwani huongezeka haraka kuliko walaji wake wanavyoweza kuumaliza. Usioliwa hufa, huzama na kuliwa na bakteria, na bakteria hao hutumia oksijeni iliyo kwenye maji. Oksijeni ikiisha, samaki hukosa hewa. Mfugaji mwenye vizimba ndiye wa kwanza kuumia, kwa sababu samaki wake hawana pa kukimbilia.

Gugu maji nalo ni sehemu ya hadithi hiyo. Mmea huu ulienea upande wa Kenya katika miaka ya 1990 na kuifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam kufikia mwaka 1998. Watu wengi hulalamika kwamba unaziba njia za boti, na ni kweli. Lakini pia unawahi jua. Mwanga ambao ungeufikia mwani hunaswa na majani yake juu ya maji, na samaki wachache sana wa ziwa hili hula majani hayo. Kawi ipo, na ni nyingi, ila imefungiwa mahali ambapo omena hawezi kuifikia. Wadudu aina ya fukusi waliletwa makusudi kulila gugu hilo, na baadhi ya vikundi vimejaribu kulitumia kutengeneza gesi ya kupikia na vikapu. Anayepika kwa gesi ya gugu maji anafungua mlango uliokuwa umefungwa.

Mbuta alipoingia

Wazee wa Rusinga na Mfangano wanalikumbuka ziwa lililokuwa na fulu. Samaki hao wadogo walikuwa wa mamia ya aina, na kila aina ilikuwa na kazi yake: wengine walikula mwani, wengine tope, wengine konokono, wadudu au samaki wenzao. Kwa lugha ya kawi, walikuwa na njia nyingi za kuleta chakula cha ziwa hadi kwenye nyavu, na zingine zilikuwa fupi sana.

Mbuta aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitoka katika maziwa mengine ya kanda hii. Kwa takribani miaka ishirini hakuonekana sana. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na fulu wakapungua kwa kasi ambayo iliwashtua wanasayansi duniani kote. Inakadiriwa kwamba takribani aina 200 zilitoweka. Mbuta alipowamaliza fulu hakufa njaa. Aligeukia ochonga, omena, na watoto wake mwenyewe.

Ni vigumu kumhukumu mbuta kwa neno moja. Alileta viwanda vya minofu, soko la nje na ajira, na nyumba nyingi za mabati kando ya ziwa zilijengwa kwa fedha zake. Lakini misururu ilibadilika. Fulu waliokula mwani na tope walipotoweka, chakula walichokuwa wakikitumia kilibaki bila mlaji, na baadhi ya watafiti wanaona kwamba hilo lilichangia kuongezeka kwa mwani unaoozea chini, pamoja na uchafuzi kutoka nchi kavu. Hata kuni ziliguswa. Fulu walikaushwa kwa jua tu. Mbuta ana mafuta mengi na huhitaji moto ili ahifadhike, kwa hiyo miti ya vilimani ilianza kulipa gharama ya samaki wa majini. Katika miaka ya hivi karibuni, baada ya mbuta kupunguzwa na uvuvi, baadhi ya aina za fulu zimeanza kuonekana tena.

Omena naye alinufaika kwa namna yake. Anazaa mapema, huishi muda mfupi na kujaza nafasi yake upesi. Leo kwa uzito ndiye anayeongoza katika samaki wanaovuliwa ziwani.

Omena wa sufuria na omena wa kuku

Sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa Kenya haiishii kwenye sufuria. Husagwa na kuchanganywa katika chakula cha kuku, nguruwe na samaki wa kufugwa. Mama anayetafuta gorogoro moja sokoni anashindana na mnunuzi anayetafuta magunia, na mara nyingi bei hufuata magunia.

Hesabu ya ngazi inaeleza kinachotokea. Omena akiliwa na mtu, mtu huyo yuko ngazi moja juu ya omena. Omena akipewa kuku, kisha kuku aliwe, ngazi moja imeongezwa na kawi nyingi imekwenda na joto la kuku. Kuku na nguruwe hupoteza zaidi ya samaki, kwa kuwa miili yao lazima iwe na joto lilelile usiku na mchana. Samaki hana kazi hiyo. Joto la mwili wake hufuata la maji.

Wafugaji wa vizimba huweza kupinga hapa, na wana hoja. Wanajua kwamba kilo moja na nusu hivi ya chakula kizuri inaweza kutoa kilo moja ya ngege, na hiyo si sehemu moja kwa kumi hata kidogo. Sababu ni mbili. Chakula hicho ni kikavu, ilhali samaki anayepimwa ana maji karibu robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo kilo hizo mbili si za kitu kimoja. Na samaki wa kizimbani ni mchanga, anakua haraka, hamkimbii adui wala hasafiri kutafuta chakula. Anatumia kawi kidogo kwa safari na nyingi kwa kunenepa. Ufugaji mzuri unaweza kupunguza hasara ya ngazi, lakini hauifuti.

Haina maana kwamba mfugaji wa kuku anakosea. Mayai ni chakula bora, na familia nyingi za kaunti hii zimesomesha watoto kwa kuku. Swali ni kuku huyo apewe nini. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, ambayo ina kituo Mbita, ni miongoni mwa waliochunguza jinsi funza wa inzi weusi wanavyoweza kuchukua nafasi ya samaki katika chakula cha mifugo. Funza hao hula maganda, mabaki ya sokoni na taka za jikoni. Kwa njia hiyo kuku anapata protini kutoka kwenye kitu ambacho mtu hakuwa anakila, na omena anabaki kwa mtu. Omena huliwa mzima, kichwa na mifupa pamoja, hivyo humpa mtoto madini ya chokaa ambayo mnofu wa mbuta hauna kwa kiasi hicho.

Kuoza nako ni kula

Kuna ngazi moja ambayo haionekani na ambayo huchukua sehemu yake mapema. Msimu wa mvua, omena waliotandazwa mchangani hukauka polepole. Wakikaa na unyevu, bakteria huanza kuwala. Harufu ile, na ule ulaini wa kidole kuzama, ni dalili kwamba kuna mlaji mwingine aliyetangulia. Omena wa namna hiyo hushuka daraja, wakauzwa kwa bei ya chini kama chakula cha mifugo, wengine wakatupwa.

Vichanja vilivyoinuliwa kutoka chini husaidia sana. Upepo hupita juu na chini, mchanga hauingii, kuku na mbwa hawafiki, na omena hukauka kwa muda mfupi zaidi. Samaki haongezeki hata mmoja ziwani, lakini wanaofika sokoni wakiwa wazuri huongezeka. Kwa familia inayoishi kwa omena, tofauti ya mchanga na kichanja inaweza kuwa tofauti ya karo na kukosa karo.

Kipindi cha kufunga uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, nacho kinaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu hii. Ni miezi migumu kwa wavuvi na kwa wachuuzi, na hakuna anayekana hilo. Lakini omena aliyejaa mayai ameshatumia kawi ya wiki nyingi kuyaandaa. Akivuliwa kabla hajataga, mvuvi anapata samaki mmoja mdogo na kupoteza wote ambao wangetoka kwake. Nyavu zenye macho madogo kupita kiasi huleta hasara ya aina hiyo pia, kwa sababu huzoa mbuta wachanga ambao ndiyo kwanza wanaanza kula na kukua.

Zoezi la nyumbani

Somo hili halihitaji maabara. Wanaopaa samaki ufuoni au jikoni wanaweza kulifanya kabla ya kutupa matumbo. Fungua tumbo la mbuta kwa kisu, mwaga kilichomo kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, kisha uangalie. Kwa mbuta mdogo hutarajiwa ochonga, wakitambulika kwa miguu mingi na macho meusi. Kwa mbuta mkubwa kidogo huonekana omena au fulu, wengine bado wana magamba. Mara nyingine hutoka mbuta mdogo ndani ya mbuta.

Mwanafunzi aandike urefu wa samaki aliyepaliwa na alichokutwa nacho tumboni. Baada ya samaki kumi au ishirini, achore mishale: kutoka kwa aliyeliwa kwenda kwa mlaji. Mshale huelekea upande ambao kawi inakwenda, jambo ambalo wengi hukosea kwenye mtihani kwa kuuelekeza kwa anayeliwa. Mchoro huo ufikishwe darasani, na mwalimu aulize swali moja: mshale wa kwanza kabisa, ule unaoingia kwenye mwani, unatoka wapi?

Maafisa wa uvuvi walio kwenye wadi na viongozi wa BMU za ufuo wanaweza kuwasaidia walimu kupata samaki wa zoezi hili pamoja na maelezo ya ukubwa unaoruhusiwa kuvuliwa.